Majani ya Mndimu wa Mauwa

Jumapili, 2 Machi

Mauwa ameondoka leo asubuhi kwenda Newala. Mama yake amepigwa na kiharusi na hakuna mtu wa kumgeuza kitandani. Kabla ya kwenda kupanda basi Mbagala alipita hapa kwangu Tegeta, bodaboda ikimsubiri getini na begi lake, mikononi ameukumbatia mndimu wake kama mtoto mwenye homa.

Niandike maagizo yote nisije nikasahau. Huu ni mndimu kamili. Una shina lililopinda na gamba la kizee, na mwaka jana ulizaa ndimu tisa, lakini wote kwa urefu haufiki gotini kwangu. Unaishi kwenye chungu bapa kama sinia. Wenye kujua wanauita bonsai. Mauwa ameuhangaikia miaka kumi na tano, anapunguza mizizi, anafunga matawi kwa waya, kazi aliyojifunza alipokuwa anauza miche kando ya barabara ya Bagamoyo. Mbegu ilitoka kwenye mndimu wa uani kwa mama yake. Ule mkubwa ulishakauka zamani, uliobaki duniani ni huu.

"Baba Gregori," akaniambia, "wewe ndo daktari wa mtaa huu. Nakuachia mgonjwa asiyeumwa."

Nikamkumbusha kwamba sikuwahi kuwa daktari. Miaka thelathini na moja nilikuwa maabara, naangalia damu za watu kwenye hadubini. Akasema basi ni walewale.

Maji kila asubuhi, nusu kikombe. Jua mpaka saa sita, halafu kivuli. Ameniachia madumu mawili ya maji ya mvua za vuli, akasema yakiisha masika itakuwa imeshaingia. Kila Ijumaa baada ya swala atapiga simu, na kabla ya hapo nimtumie picha. Nilimwambia asihofu, muda ninao. Tangu Demetria wangu afariki, mtu pekee anayevuka kizingiti hiki bila kuja kusoma mita ni Mauwa. Kila saa kumi alikuwa anakuja kukaa barazani na kuisema vibaya kahawa yangu. Leo saa kumi nimechemsha vikombe viwili kwa mazoea, nikanywa vyote.

Jumatatu, 3 Machi

Nusu kikombe. Mti mzima. Mimi pia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepiga picha saa tatu, jua linaingia kutoka upande wa geti. Majani ya kijani kibichi yanang'aa. Hata mimi nimejisifu.

Amepiga saa nane kasoro. Anasema mama hasemi, mkono wa kulia hauna habari, na usiku anaogopa kulala, mama asije akaondoka mwenyewe bila kuaga mtu. Nikamwambia asiogope, kuna machipukizi mawili mapya upande wa kushoto. Akasema, "Haya, Mungu mkubwa."

Jumanne, 11 Machi

Maji ya madumu yamekwisha. Mvua hakuna, hata wingu la kudanganyia. Bomba nalo lilikauka tangu wiki iliyopita. Nimeanza kuupa maji ya kisima cha mtaani, yaleyale tunayoogea na kulalamika kwamba sabuni haitoi povu.

Jumamosi, 15 Machi

Mti umepoa. Si kwamba unaumwa, ila umekosa ule mng'ao. Nimeufikiria mchana kutwa. Udongo wa sinia lile hata panya hachimbi akazama, chakula kitatoka wapi?

Kisha nikamkumbuka mama yangu, kule kwetu Kamachumu, Bukoba. Kila asubuhi alikuwa anatoa majivu jikoni, anakwenda kuyamwaga chini ya migomba, shina kwa shina, na migomba ya kibanja chetu ilikuwa inatisha watu. Huku pwani hawajui mambo haya. Nimechukua majivu ya jiko la mkaa, nikayachekecha vizuri, nikaweka kiganja kimoja na kumwagia maji. Sikumwambia Mauwa. Nataka akirudi aukute umenona, aniulize nimefanyaje.

Ijumaa, 21 Machi

Majani matatu ya juu yamefifia. Nimepiga picha kwa upande wa pili.

Mauwa alikuwa na furaha leo. "Baba Gregori, mama kanifinya! Kanifinya mkono, wa kushoto lakini kwa nguvu!" Nikasema vizuri sana. Nikamuuliza kama mwaka jana wakati kama huu majani yalikuwa yanafifia. Akajibu hakumbuki. Akasema, "Kanifinya, nikamwambia we bibi unaniumiza, akacheka nusu mdomo." Nikamwambia atafakari vizuri suala la majani, anijulishe.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimetoa lenzi ya mkono niliyostaafu nayo. Haya ndiyo niliyoyaona.

Majani machanga yamekuwa njano, lakini mishipa yake imebaki kijani, kwa hiyo kila jani linaonekana kama limefunikwa wavu. Majani ya zamani ya chini bado yana afya. Hakuna mdudu juu wala chini ya jani. Hakuna ukungu. Udongo una unyevu, hauna harufu ya kuoza. Juu ya udongo kuna utando mweupe, nadhani ni vumbi.

Maabara tulifundishwa usiseme ugonjwa kabla ya kuona vimelea, na hapa vimelea sivioni. Kwa hiyo nabaki na jambo moja, njaa. Mgonjwa mwenye njaa analishwa. Nimeongeza majivu, viganja viwili.

Nilijisikia vizuri kidogo baada ya hapo. Ni siku nyingi sijashika lenzi nikiwa na mtu anayesubiri majibu.

Ijumaa, 28 Machi

Njano imeshuka mpaka matawi ya kati. Nilipiga picha sita, zote zinasema ukweli. Nikazifuta.

Nimetuma ile ya tarehe saba.

Akajibu kwa ujumbe wa sauti, "Mashallah, unatunza wewe." Sikuweza kula mchana. Nilijiambia ni kwa faida yake, mtu anayeuguza haongezewi mzigo. Nimeyaandika haya nikayasoma tena, na sijayaamini.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Vaileth wa dukani, ambaye ni Mlokole wa Mbeya, kaletewa pilau na kila nyumba ya Waislamu akanipunguzia sahani. Nimeila peke yangu barazani. Mwanangu Gregori alipiga kutoka Mwanza, tukaongea dakika nne, moja ilikuwa ya mjukuu kupumua kwenye simu.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua! Imeanza alfajiri, na si ya mchezo. Barabara yetu imekuwa mto mpaka kwenye kona. Niliukimbilia mndimu, nikauingiza ndani kabisa ya baraza, nikauzungushia turubai. Mti dhaifu namna hii ukilowa kwa mvua kubwa mizizi itaoza.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimetuma tena picha ya tarehe saba, nimeikata pembeni kidogo isifanane.

Akauliza, "Redio inasema Dar mnaogelea. Mbona hapo jua kali hivyo?"

"Lilitoka kidogo," nikasema, "nikawahi."

Halafu akaanza kusema kitu kuhusu mama yake, kwamba siku hizi hamezi vizuri, uji unarudi. Nikamwambia mtandao unakatika, nikakata mwenyewe. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Jumatano, 9 Aprili

Asubuhi majani kumi na tisa sakafuni. Jioni saba mengine. Yanaanguka bila hata kuguswa, unasikia kabisa. Sijui kwa nini nakaa hapa kuyasikiliza.

Ijumaa, 11 Aprili

Sikutuma picha. Matawi yamebaki na waya na majani machache ya njano. Ningetuma nini?

Simu iliita saa nane. Nikaiweka kwenye droo ya vijiko. Ikaita tena saa tisa. Niliiangalia droo mpaka ikanyamaza.

Jumamosi, 12 Aprili

Amepiga mara kumi na moja kuanzia saa moja asubuhi, simu ikiwa bado drooni. Meseji pia zimeingia, tatu. Sijazifungua, maana Watsapu ikishaonyesha umesoma huna tena pa kujificha. Ameshajua. Mtu aliyelea mti miaka kumi na tano hawezi kudanganywa na picha moja mara mbili. Anataka kunisema, na ana haki, ila mimi sina moyo wa kusikia sauti ile ikibadilika.

Mvua siku nzima. Nina umri wa miaka sitini na nne na namkimbia mwanamke aliye maili mia kadhaa kutoka hapa kwa sababu ya majani.

Jumatatu, 14 Aprili

Hakupiga.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Njia ya Msalaba kwenye tope, viatu mkononi. Saa nane nilikuwa bado kanisani lakini simu ilikuwa mfukoni, nimeiweka kwenye mtetemo endapo angepiga. Haikutetemeka. Nilidhani nitafarijika.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nimechinja kuku, nimemla siku nzima peke yangu kama fisi.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nimefanya nilichopaswa kufanya mwezi uliopita. Nimefunga kijitawi chenye majani mawili ndani ya mfuko wa nailoni, nikaenda kwa Fransis, anayeuza miche pale barabarani alipokuwa anauzia Mauwa zamani. Ni mtu wa makamo, mpole, anaongea haraka kama anauza mnadani.

Akalishika jani, akaligeuza mara moja tu. Hakuhitaji lenzi.

"Shikamoo mzee wangu. Huu si ugonjwa. Huu mti chuma umeukosa, madini ya chuma. Mishipa kijani, katikati njano, machanga ndo yanaanza. Unamwagilia maji gani?"

"Ya kisima."

"Kisima cha Tegeta? Yale ya chumvi na chokaa? Hapo ishu imeshaanza. Ila maji peke yake hayachapi hivi kwa mwezi mmoja. Kuna kingine umeweka."

Nikamwambia. Akanitazama kwa huruma, jambo ambalo ni baya kuliko kutukanwa.

"Majivu? Mzee, we kwenu wapi?"

"Bukoba."

"Ahaa. Kwenu mvua zinapiga mwaka mzima, udongo mchachu, majivu yanaupoza, mgomba unashukuru. Sasa huku udongo umeshashiba chokaa ya kisima, na we unaongeza majivu juu. Chuma kimo humohumo kwenye udongo, ila umekifungia. Mti unakufa njaa na chakula kipo mezani."

"Dawa yake?"

"Maji ya mvua tu. Mengi, yapite, yasafishe ule udongo. Nitakupa na unga wa chuma kidogo wa kupulizia. Ila mvua yote hii ya wiki tatu, mzee, mti ulikuwa wapi?"

Nikalipia ule unga. Nilirudi kwa miguu, mwavuli nimeufunga mkononi.

Jumatano, 23 Aprili

Nimekwangua ule utando mweupe. Nimeutoa mti uani, katikati, kwenye mvua. Nikasimama mlangoni kuuangalia mpaka suruali ikalowa.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Simu iko mezani, imechajiwa. Kimya.

Jumapili, 27 Aprili

Nitaandika yote.

Baada ya misa nilipita dukani kwa Vaileth kununua chumvi. Alikuwa amerudi jana kutoka Mbeya alikokwenda kwa Pasaka. Kabla hata sijataja nilichofuata, alitoka nyuma ya kaunta akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole mzee. Mie nikajua wewe ndo utakuwa umeumia zaidi, maana mlikuwa mnaongeaga kila wiki."

Nikauliza pole ya nini.

Akauachia mkono wangu taratibu. "Mama yake Mauwa si alifariki? Jumamosi ile, wiki moja kabla ya Pasaka, alfajiri. Wakazika siku ileile alasiri. Sie wote tumeshampigia. Kwani wewe hujui? Mbona aliniambia alianza kukupigia wewe?"

Niliondoka dukani. Chumvi sikuichukua.

Nimefika nyumbani, nimekaa kitandani, nimefungua ule ujumbe. Wa kwanza ni wa Ijumaa jioni. *Baba Gregori hali ya mama imebadilika, nipigie ukipata nafasi.* Wa pili, Jumamosi saa moja asubuhi. *Mama ametutoka. Pokea simu.* Wa tatu, saa nne. *Basi.*

Nimeusoma huo wa tatu mara nyingi kuliko damu yoyote niliyowahi kuisoma. Nilidhani ananitafuta anigombeze. Mama yake amelala chini ya shuka, nyumba imejaa wanawake wanaolia, yeye amejitenga pembeni na simu, anapiga, inaita, anapiga tena, mara kumi na moja, na mimi niko hapa Tegeta nimeifungia kwenye droo pamoja na vijiko. Kwa ajili ya majani. Aliniambia mama hasemi, nikamtajia machipukizi. Aliniambia mama kamfinya, nikamuuliza habari za mwaka jana. Aliniambia uji unarudi, nikamdanganya mtandao. Wiki sita mtu huyu ananieleza jinsi mama yake anavyokufa na mimi naangalia njano.

Najionea aibu. Naiandika hivyo hivyo, haina jina jingine.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimepiga mara mbili. Hakupokea. Ni haki yake.

Nimeandika ujumbe wa rambirambi, nimefuta. Nimeandika mwingine wenye maelezo ya majivu, nimefuta huo haraka zaidi.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua ndogo. Mti uko uchi kabisa sasa. Nilikwangua gamba kwa ukucha, chini bado kijani. Sikufurahi kama nilivyotarajia.

Ijumaa, 2 Mei

Nilipiga saa nane. Akapokea ilipokaribia kukatika.

"Shikamoo, Baba Gregori." Sauti ya kawaida, kavu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yaliyopangwa. Nikasema tu, "Mauwa, nimejua Jumapili. Ujumbe sikuufungua. Nilikuogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Mti wako nimeuua majani. Niliuwekea majivu. Picha zile zilikuwa za zamani. Nilijua utanigombeza, na ukishanigombeza hutanipigia tena."

Nikaangalia kama simu imekatika. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "We baba we. Kwani mie nilikuwa naupigia mti?"

Nikaketi kwenye kizingiti.

"Huku wamekuja madada, wamekuja mashangazi, nyumba tele. Kila mtu ananiambia usilie, kazi ya Mungu. Siku ile nilimtaka mtu mmoja wa kukaa naye tu kwenye simu. Asiniambie kitu. Nikasema yule mzee wa Kihaya anajua kukaa kimya, pale barazani tunakaaga saa nzima hatusemi. Nikapiga. Nikapiga. Ndugu zangu wananiangalia, wanasema huyu anampigia nani."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Ila si leo."

Nikamuuliza nani alimwosha mama. Ni swali la kwanza la kweli nililomuuliza tangu aondoke. Akasema yeye na shangazi yake Mwajuma, na kwamba ule mkono wa kulia, uliokuwa umejikunja tangu kiharusi, ulinyooka wenyewe kwenye maji, ukawa laini. Alilia. Nami nikalia, nikajaribu asisikie. Kisha akasema kuna watu mlangoni, akakata.

Jumanne, 6 Mei

Vaileth kaniuliza kama Mauwa atarudi. Nimemwambia sijui, na ni kweli. Kuna baba yake haoni vizuri, kuna nyumba. Anaweza asirudi kabisa. Mpaka leo nilikuwa sijalifikiria hilo kwa uwazi, nikalifikiria palepale dukani, nimeshika mkate.

Ijumaa, 9 Mei

Nilipiga. Akasema hajisikii kuongea. Nikasema sawa.

Jumatatu, 12 Mei

Chipukizi. Mawili, kisha nikapata la tatu chini ya waya. Madogo kama punje za mtama, kijani kabisa. Nilishika simu nipige picha, nikairudisha mfukoni.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua imekatika tangu juzi, uani kumekauka, watu wanaanika magodoro.

Saa nane na robo simu imeita. Mauwa. Nikapokea kabla haijaita mara ya pili, nikasema haloo. Hakujibu salamu. Nilisikia kuku, mtu anatwanga mbali, na pumzi yake.

"Baba Gregori," akasema mwishoni, "leo wametoa godoro lake nje. Sitaki kuongea. We usikate."

Nikavuta kiti barazani, nikakaa, simu sikioni. Kule kinu kikaacha kutwanga. Mtu akamwita, hakuitika. Akalia kidogo, akapenga kamasi, akanyamaza tena. Jua likahama kutoka kwenye kiti kwenda ukutani. Hakuniuliza kitu, nami sikumwambia kitu.

Dakika hamsini na mbili. Hakuna aliyekata, betri yangu ndiyo iliyokwisha. Nikakimbia ndani kuichomeka, na ilipowaka ilikuwa inaita.